Kutoka Lowell hadi Montgomery, tukivuka mstari

Ijumaa, Lowell, Massachusetts

Dada yangu anahamia Georgia. Amekuwa muuguzi hapa Lowell kwa miaka mingi, katika mji wenye Wakenya wengi kiasi kwamba unga wa ugali haukosekani madukani. Lakini kodi ya nyumba imemshinda. Amepata kazi karibu na Atlanta, na pesa anayolipia vyumba viwili hapa, kule itampatia nyumba nzima yenye uwanja. Tumekodi lori dogo, tumeshapakia, na kesho alfajiri tunaondoka. Nimemwomba jambo moja tu: tusikimbie. Nimeishi Kaskazini muda huu wote nikisikia habari za Kusini kwa midomo ya watu wasioupenda, na sasa nataka kusimama njiani na kuona.

Kazini walimuaga kwa keki na maonyo. "Utaishije na wale watu?" Wale watu ni Wakusini. Akaambiwa ni wajinga, ni wabaguzi, kila mmoja ana bunduki, na wanavuta maneno kama waliotoka usingizini. Waliosema hayo ni watu wema, ninawajua, na walidhani wanamtetea dada mweusi. Wengi wao Kusini wanaujua kwa fukwe za Florida peke yake.

Mchana nilimpeleka kwenye kiwanda cha zamani cha pamba cha Boott, ambacho sasa ni makumbusho kando ya mto Merrimack. Chumba cha kufumia bado kina mashine zinazofanya kazi, na mtikisiko wake unakuingia kifuani. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Kaskazini na Kusini, vilivyoanza 1861, pamba iliyolishwa mashine za mji huu ilitoka Kusini, ikiwa imechumwa na watumwa. Kisha vitambaa vizito vya kukwaruza vilirudishwa kuuzwa kule kule, kwa wenye mashamba, ili wawavike watumwa wao. Watumwa wenyewe walikiita kitambaa hicho lowells, kwa jina la mji huu tunaokaa. Charles Sumner, aliyekuja kuwa seneta wa Massachusetts, aliwashutumu wakubwa wa jimbo lake mwaka 1848 kwa muungano kati ya mabwana wa mjeledi na mabwana wa mashine za kufumia.

Sisi watu wa Pwani tumo pia katika hesabu hii. Merikani, ile nguo isiyopaushwa ambayo misafara ilibeba kutoka Bagamoyo kwenda bara, ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Vita vilipozuka na pamba ya Kusini ikakatika, Wamarekani walipokonywa soko hilo. Huenda bibi wa bibi yetu alijifunga jasho la mtu wa Alabama lililopitia mikono ya msichana wa Lowell. Nilimwambia dada, wenzako wakisema "wale watu", waulize mashine hizi zilikuwa zinakula nini.

Jumamosi, barabarani

Siku nzima ni barabara. Connecticut tairi la nyuma lilianza kupungua upepo. Mwanamume mmoja alisimamisha gari lake nyuma yetu, hakusema habari yako wala hakutuuliza tunatoka wapi, akatoa pampu, akajaza, akasema "kituo kinachofuata wanaziba," akaondoka. Wakusini husema Mayanki, yaani sisi wa Kaskazini, ni baridi, wana haraka, hawana adabu. Mtu aliyelelewa Mombasa, ambako huwezi kuuliza bei ya nazi kabla ya kumaliza maamkizi, naye aliumia hivyo hivyo miaka ya mwanzo hapa. Ila nimewaona jirani zangu wakizoa theluji usiku ili mgonjwa wa nyumba ya tatu atoke, bila hata kumjua kwa jina. Wema wao uko mikononi, hawauweki mdomoni, na asiyewafahamu atadhani haupo.

Jumapili, Gettysburg na mstari wenyewe

Mji ni mdogo, umezungukwa na mashamba, na mashamba yamejaa minara ya kumbukumbu zaidi ya 1,300. Hapa, kuanzia Julai 1 hadi 3, 1863, majeshi mawili yalipigana, la Muungano wa Kaskazini na la waasi, yaani majimbo ya Kusini yaliyojitenga, na takriban watu 51,000 waliuawa, walijeruhiwa, walitekwa au walipotea. Madukani wanauza kofia za pande zote mbili, za buluu na za kijivu, na bendera za waasi zimekunjwa vizuri rafuni. Pennsylvania ilikuwa upande wa Muungano. Bendera hizi nimeziona pia zikipepea kwenye nyumba za mashambani huku huku Kaskazini.

Tulisikia hadithi ya mwaka 1913, ilipotimia miaka 50 tangu mapigano haya. Zaidi ya wazee 50,000 waliowahi kupigana walikusanyika, na picha maarufu ni za wazee wa pande mbili wakishikana mikono juu ya ukuta wa mawe waliouania wakiwa vijana. Rais Woodrow Wilson, mzaliwa wa Virginia, akaja akahutubia juu ya undugu. Mwaka ule ule serikali yake ilikuwa ikiwatenga wafanyakazi weusi katika ofisi za umma Washington. Watalii waliokuwa nasi walifuta machozi kwa ajili ya wale wazee. Mimi moyo wangu ulikuwa kwingine. Jeshi la waasi la Jenerali Lee lilipoingia Pennsylvania kiangazi kile cha 1863, askari wake waliwakamata watu weusi wa mitaa hii, wakiwemo waliozaliwa huru, wakawapeleka Kusini utumwani. Familia nyingi nyeusi za Gettysburg zilikuwa zimekimbia kabla ya risasi ya kwanza. Patano la 1913 lilikuwa la wazungu na wazungu, na gharama yake ilikuwa kutowataja watu hao. Nadhani ugomvi wa Kaskazini na Kusini bado unasimuliwa hivyo hadi leo: ndugu wawili wanagombana, na aliyegombaniwa hana kiti.

Alasiri tukashika barabara ya kusini, na baada ya mwendo mfupi tukauvuka mstari wa Mason na Dixon. Charles Mason na Jeremiah Dixon waliupima kati ya 1763 na 1767 ili kumaliza ugomvi wa mipaka kati ya familia ya Penn ya Pennsylvania na ya Calvert ya Maryland. Waliweka mawe yaliyoletwa kwa meli kutoka Uingereza, herufi P upande wa Pennsylvania na M upande wa Maryland. Haukupimwa kwa ajili ya utumwa. Ulikuja kubebeshwa maana hiyo baada ya Pennsylvania kuanza kuufuta utumwa taratibu kwa sheria ya 1780, huku Maryland ikiendelea nao hadi Novemba 1864. Na Maryland haikujitenga; ilibaki katika Muungano na watumwa wake. Baadaye ikawa pia na wimbo wa jimbo uliowaita Wakaskazini takataka, na haukufutwa hadi 2021.

Jumatatu, Richmond, Virginia

Huu ndio uliokuwa mji mkuu wa waasi. Tulienda barabara ya Monument, ambako sanamu ya Jenerali Robert E. Lee juu ya farasi ilisimama tangu 1890 hadi Septemba 2021. Sasa ni mviringo wa majani na maua. Sanamu iliyobaki katika barabara hiyo ni ya Arthur Ashe, mcheza tenisi mweusi aliyezaliwa mji huu, ambaye utotoni hakuruhusiwa kucheza kwenye viwanja vya wazungu vya bustani ya hapa.

Mzee mzungu aliyekuwa akimtembeza mbwa aliona fulana ya dada, ya timu ya Boston, akasimama. Alitusalimu kwanza, akauliza safari, akauliza mama yetu anaishi wapi. Hapo dada akalainika kabisa. Kisha mzee akasema maneno ninayoyaandika karibu kama alivyoyasema: "Watu wa kwenu walishangilia ile sanamu ilipoondoka, kana kwamba wao ndio walioiondoa. Iliondolewa na watu wa Virginia. Mimi nilikuja hapa usiku na binti yangu, mwaka 2020, tukasimama na vijana weusi wa mji huu." Akaeleza alivyofanya kazi New York akiwa kijana. Kila alipofungua mdomo mkutanoni, alisema, waliipunguza akili yake nusu kwa sababu ya matamshi. Alijifunza kusema kama wao, na baba yake alipompigia simu hakumtambua sauti. Bado kinamuuma.

Nilimwuliza kama watoto weusi wa Richmond wenye matamshi hayo hayo nao walipunguziwa. Alifikiri. "Wao walipunguziwa na sisi kwanza," akasema. Nilimheshimu kwa jibu hilo.

Jioni tulipita Shockoe Bottom, bondeni chini ya reli na barabara kuu, lilipokuwa soko kubwa la watumwa. Kwa wingi wa biashara hiyo New Orleans peke yake ndiyo iliyoipita Richmond. Eneo kubwa ni maegesho ya magari.

Jumanne, North Carolina

Tulilala Cary, karibu na Raleigh, kwa rafiki wa dada. Wenyeji hutania kwamba jina la mji huo ni kifupi cha kambi ya kuwazuilia Mayanki waliohamia. Wamehamia wengi kweli, wakifuata kazi za kompyuta na dawa, na malalamiko niliyoyasikia yanafanana na ya mahali popote pageni panapojaa: wamepandisha bei za nyumba, hawasalimu, wanapiga honi, kila kitu wanalinganisha na walikotoka. Rafiki wa dada, Mtanzania, anacheka kwamba wanamhesabu yeye Yanki.

Chakula cha jioni kilikuwa kunde, bamia, viazi vitamu na majani ambayo Mkenya yeyote angeyaita sukuma wiki. Vyakula hivi watu wa hapa hutamba navyo kuwa ndivyo Kusini halisi. Kunde na bamia zilivuka bahari kutoka Afrika. Dada alikula sahani mbili akasema tumefika nyumbani bila kupanda ndege.

Jumatano, Columbia, South Carolina

Jengo la bunge la jimbo lina nyota za shaba ukutani. Kila nyota imewekwa mahali ambapo kombora la jeshi la Jenerali Sherman wa Kaskazini liligonga Februari 1865, kabla mji haujaungua. Watu wanazitunza nyota hizo. Kijana aliyekuwa akituonyesha aliita vita ile uvamizi wa Kaskazini, akasema chanzo kilikuwa haki za majimbo kujiamulia mambo yao.

Sikutaka kubishana naye. Alikuwa mpole na aliitikia "ndiyo mama" kwa dada kila alipoulizwa. Lakini South Carolina iliandika sababu zake mwenyewe. Ilijitenga Desemba 20, 1860, na siku nne baadaye ikatoa tamko. Kilio kikubwa cha tamko hilo si kwamba majimbo yamenyimwa haki ya kujiamulia. Ni kwamba majimbo ya Kaskazini yamejiamulia mno: yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka, yanatunga sheria za kuwalinda. Yeyote anayetaka kujua chanzo cha vita asome karatasi hiyo, na asiniulize mimi wala profesa wa Boston.

Bendera ya waasi iliwekwa juu ya jengo hili miaka ya mwanzo ya 1960, wakati vijana weusi wakidai haki zao. Mwaka 2000 ikashushwa hadi kwenye nguzo uwanjani. Juni 17, 2015, mzungu mmoja aliwaua watu tisa weusi wakiwa katika mafundisho ya Biblia kwenye kanisa la Emanuel, Charleston. Siku kumi baadaye Bree Newsome, mwanamke mweusi wa North Carolina, alipanda nguzo ile akaichomoa bendera kwa mikono yake, akakamatwa. Iliondolewa rasmi Julai 10.

Usiku nilisoma kwenye simu majadiliano ya watu wa Kaskazini juu ya siasa. Mmoja aliandika tuwaache Wakusini waende zao, nchi itapumua. Mamia walimwunga mkono. Nilikasirika kuliko nilivyotegemea. Zaidi ya nusu ya watu weusi wote wa Marekani wanaishi Kusini. Bree Newsome ni Mkusini. Waliouawa Charleston walikuwa Wakusini. Martin Luther King alikuwa Mkusini. Anayesema tuwaache anamwona nani anapofumba macho?

Alhamisi, Clarkston, Georgia

Nyumba ya dada iko mwendo mfupi kutoka Clarkston, mji mdogo uliopokea wakimbizi wa nchi nyingi kwa miongo kadhaa. Dukani tuliposimama kununua maji tulikuta Kiswahili kabla ya Kiingereza. Mama mmoja wa Kivu alisikia tukizungumza, akatushika mikono, akatuuliza ukoo wetu. Wanawe, waliokulia hapa, wanazungumza Kiingereza cha kuvuta cha Georgia na humwitikia kila mtu mzima kwa heshima. Dada akasema adabu hiyo inamkumbusha shikamoo. Mama akacheka. "Batu ba huku banasalimia muzuri sana," alisema, "lakini salamu haiko nyumba." Akasimulia jirani aliyemletea keki siku ya kwanza, kisha akaenda kwenye kikao cha mtaa kulalamika kwamba wakimbizi wamezidi.

Nikamwambia yangu. Katika kitongoji kimoja nje ya Boston nilipiga simu kuhusu nyumba, nikaambiwa iko wazi, nije. Nilipofika na sura yangu ikawa imeshachukuliwa. Hakuna aliyeniletea keki. Tulitazamana tukaelewana.

Kilomita chache kutoka hapo ni Stone Mountain, mwamba mkubwa wa itale ambapo mwaka 1915 Ku Klux Klan, chama cha siri cha wazungu wabaguzi, kilifufuliwa. Ubavuni wamechongwa Jefferson Davis, rais wa waasi, na majenerali wake Lee na Stonewall Jackson wakiwa juu ya farasi, kazi iliyokamilika 1972. Nilitegemea kukuta jambo la Kusini tupu. Lakini mchongaji wa kwanza, Gutzon Borglum, alizaliwa Idaho, na baadaye ndiye aliyekwenda kuchonga marais pale Mount Rushmore. Na mwaka 1925 serikali ya Marekani ilitoa sarafu maalum ya nusu dola iuzwe kuchangia uchongaji. Taifa zima lilichangia mlima ule. Siku tuliyofika, familia nyeusi zilikuwa zimetandaza mikeka chini yake, watoto wakikimbizana.

Jumamosi, Montgomery, Alabama

Jana tulipakua mizigo tu. Leo dada alitaka tusogee hadi Montgomery, kwenye ukumbusho wa watu weusi waliouawa na makundi ya wazungu, wengi kwa kunyongwa, uliofunguliwa Aprili 2018. Kuna majina zaidi ya 4,400, na nguzo za chuma zaidi ya 800, kila kaunti na yake. Unaanza ukiwa sawa nazo, unasoma majina usoni. Kisha sakafu inateremka na nguzo zinabaki zikining'inia juu yako.

Nyingi ni za Mississippi, Georgia, Louisiana, Alabama yenyewe. Hilo lisipunguzwe kwa lolote: sehemu kubwa ya mauaji haya yalifanyika Kusini. Lakini wazungu wawili wazee, mume na mke, walikuwa wamesimama mbele ya nguzo ya kaunti ya St. Louis, Minnesota, karibu na mpaka wa Kanada. Ina majina matatu: Elias Clayton, Elmer Jackson na Isaac McGhie, walionyongwa Duluth Juni 15, 1920, mbele ya umati wa maelfu. Yule mama alisema wao ni watu wa Duluth, na walikua bila kuambiwa habari hiyo shuleni wala nyumbani.

Nje tulikaa benchi moja na mzee mweusi aliyewaleta wajukuu. Alizaliwa kaunti ya Lowndes, jirani na hapa, ambako watu weusi walikuwa wengi mno kuliko wazungu na bado mwanzoni mwa 1965 hakuna hata mmoja wao aliyeandikishwa kupiga kura. Wazazi wake walipojiandikisha, mwenye shamba aliwafukuza. Naye akapanda basi kwenda Chicago, kama walivyofanya karibu watu weusi milioni sita waliouhama Kusini kati ya vita vya kwanza vya dunia na 1970.

Alifika wakati wa kuona jambo ambalo, alisema, halikumtoka. Agosti 1966 King aliongoza maandamano Marquette Park, mtaa wa wazungu Chicago, kudai watu weusi waruhusiwe kuishi popote. Wazungu walirusha mawe na chupa, jiwe moja likampiga King kichwani. King alisema baadaye kwamba hata Mississippi na Alabama hakuwahi kuona umati wenye chuki kama ule. "Wale hawakuwa na bendera ya Lee," mzee akasema. "Walikuwa na nyumba za kulinda." Akatuambia msemo wa wazee wake, kwamba Kusini hawajali umesogea karibu kiasi gani ilimradi usipande juu, na Kaskazini hawajali umepanda kiasi gani ilimradi usisogee karibu.

Nilimwuliza kwa nini alirudi. Alitaja makaburi ya wazazi, joto, bei ya ardhi, kanisa. Kisha akakasirika kidogo, si kwangu. Watu wa Chicago humwonea huruma kwa kurudi, na wazungu wa hapa humwuliza ametokea wapi, kwa sababu ya lafudhi aliyoiokota kule. "Familia yangu ilikuwa Lowndes kabla Alabama haijawa jimbo," alisema. "Wanaposema Mkusini, wanamaanisha nani?"

Dada alimweleza kwamba amehamia Georgia juzi tu, bado maboksi hayajafunguliwa. Mzee alimgeukia, akamwuliza kama ni raia. Dada akajibu ndiyo. Basi akamwagiza kwa ukali wa baba: Jumatatu asubuhi, kabla hajanunua hata kitanda, aende kubadilisha leseni yake ya gari na kujiandikisha kupiga kura, kisha akague jina lake tena kabla ya kila uchaguzi, kwa maana majina huondolewa. Akamrudia maneno hayo mara mbili. Dada alitoa kalamu kwenye mkoba akayaandika nyuma ya tiketi.